Bomani, msikitini, kanisani au kimila: ndoa yenu mkaifungie wapi

Barua ya posa imejibiwa, mshenga ameshakula wali wake, mahari imetajwa na pande zote zimeridhika. Hapo ndipo familia nyingi za Tanga huanza kuhangaikia sare, ukumbi na sinia za biriani, na swali la mahali pa kufungia ndoa linajibiwa kwa mazoea tu: "Kwetu tunafunga msikitini," "Kwetu ni kanisani," basi. Mazoea hayo mara nyingi yanatosha. Lakini mimi ni msaidizi wa kisheria hapa mjini, na wanaokuja kwangu ni wale ambao nyumba imeshawaka moto: mume amefariki na ndugu zake wameshika funguo, au mke amerudishwa kwao na hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mke. Wengi wao waliolewa vizuri kabisa, kwa shangwe na vigelegele, ila hakuna aliyewaeleza tofauti kati ya njia moja na nyingine. Nawaandikia ambao bado hawajafunga.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na inatumika Tanzania Bara yote. Inatambua ndoa ya kiserikali, ambayo sisi huku tunaiita ya bomani, ndoa ya kidini, na ndoa ya kimila. Zote tatu ni ndoa kamili. Naliweka hili mbele kwa sababu bado wapo wanaodhani ya bomani ni ya watoro waliowakimbia wazazi, na wapo wanaodhani ya msikitini "haitambuliki serikalini." Yote mawili si kweli. Mke wa bomani, mke wa nikahi, mke wa kanisani na mke wa kimila wana haki zilezile mbele ya mahakama. Tofauti iko kwenye mambo mengine: nani anaweza kuitumia njia hiyo, mume ataruhusiwa wake wangapi, karatasi inapatikanaje, na siku mambo yakiharibika mtaanzia mlango upi.

Yaliyo sawa kote nitayapitia haraka. Hiari ya wote wawili ni lazima, itolewe bila kushurutishwa. Kwa hiyo ile ndoa ya mkeka, kijana anakutwa chumbani kwa binti, wazee wanaita shehe usiku huohuo na kijana anaozeshwa huku amezungukwa na wanaume wenye hasira, ni ndoa yenye kasoro kubwa kisheria, kwani ndoa isiyo na ridhaa ya kweli ni batili. Mashahidi wasipungue wawili. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mwenye dharura anaweza kuomba kwa Msajili Mkuu asamehewe muda huo. Mahari si sharti la kisheria. Ikiwa haijalipwa, au imelipwa nusu, ndoa inabaki ndoa, na hakuna mjomba anayeweza kuivunja kwa sababu ya deni la mbuzi.

Kuhusu umri, kifungu cha 1971 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sina zaidi la kusema hapo ila kwamba binti wa miaka 15 bado ni mtoto, na mahali pake ni shuleni.

Bomani

Hii ndiyo njia iliyo wazi kwa kila mtu. Mwislamu na Mkristo, Mlutheri aliyekataliwa na mchungaji wake, mtalaka, mjane, wasio na dini, raia na mgeni: wote wanapokelewa. Msajili yuko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mnajaza fomu ya kusudio, inabandikwa, mnasubiri zile siku 21. Ikipita bila pingamizi mnarudi na mashahidi wenu, msajili anamuuliza kila mmoja kwa sauti kama ameridhia, mnatia saini, na mnaondoka na cheti.

Naomba uitazame fomu hiyo kwa makini, kwa sababu humo ndimo ilimo faida kubwa ya bomani ambayo watu hawaijui. Inataka majina yenu, umri, mnakoishi, na majina ya wazazi. Inataka mwanamume aseme kama ana mke tayari, na kama anaye, ni wangapi. Inataka mwanamke aseme kama hajawahi kuolewa, ni mjane au ni mtalaka. Kisha inataka mseme ndoa mnayokwenda kuifunga ni ya mke mmoja, au ni ya wake wengi, au inaweza kuja kuwa ya wake wengi. Maswali haya wachumba wengi hawajawahi kuulizana uso kwa uso. Mmekaa mwaka mzima mnatumiana salamu za asubuhi kwenye simu, na bado hamjui mwenzako anaifikiriaje nyumba yenu baada ya miaka kumi. Bomani swali linaulizwa mchana, mbele ya mtumishi wa serikali, na jibu linaandikwa. Nimeona binti akiiweka kalamu chini baada ya kufika kwenye mstari huo na kumgeukia mchumba wake kumsikiliza kwanza. Alifanya jambo la maana sana.

Upungufu wa bomani ni wa kijamii zaidi kuliko wa kisheria. Kwa Mwislamu wa Pwani, ambako wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, ndoa bila walii, yaani baba au ndugu wa kiume anayemwozesha binti, ina shida kubwa kidini, na wazazi wanaweza kukataa kabisa kuitambua. Kwa Mkatoliki, aliyefunga bomani tu haruhusiwi kupokea komunyo mpaka jambo lake litengenezwe kanisani. Haya si madogo. Mtu anaishi na wazazi, majirani na Mungu wake kabla hajaishi na mahakama, na simshauri mtu ayadharau.

Msikitini

Hii ndiyo inayofungwa zaidi Ngamiani, Makorora, Mabawa na pwani yote mpaka Pangani, na kwa wawili wa Kiislamu mimi naiona ndiyo njia ya kwanza ya kufikiriwa. Ina walii, ina mashahidi, ina khutba, ina mahari ambayo kwa dini yetu ni haki ya bi harusi mwenyewe. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni heshima za desturi, waachiwe wazazi. Mahari ni yake yeye. Mjumbe akienda chumbani kumuuliza bi harusi kama ameridhia na mahari ni kiasi gani, jibu lake lisikike na mashahidi. Nashauri hata mahari iliyoahirishwa itajwe hapohapo na iandikwe, kwa sababu ile iliyobaki "tutaona mbele" ndiyo inayoletewa ubishi siku ya talaka au msiba.

Binti ambaye baba yake anakataa kumwozesha bila sababu ya haki asidhani mlango umefungwa. Kuna utaratibu wa walii hakimu, yaani kiongozi wa dini kushika nafasi ya walii, na mashehe wanaujua. Na kwa sheria ya nchi, aliyetimiza miaka 18 hahitaji idhini ya mzazi.

Tatizo la msikitini halipo kwenye nikahi yenyewe. Lipo kwenye kitabu. Kiongozi wa dini anayefungisha ndoa anatakiwa awe na leseni ya serikali ya kufungisha, na akishafungisha atoe cheti na taarifa ifike kwa Msajili, yaani RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mashehe wenye utaratibu wanafanya hivyo bila kuombwa. Ila zipo ndoa zinazofungwa sebuleni na ustadhi aliyealikwa kwa sababu ni jirani au ni rafiki wa baba mdogo, anasoma khutba nzuri, watu wanakula tende na halua, naye anaondoka. Hakuna kilichoandikwa. Ndoa imefungwa, mbele ya Mungu na mbele ya watu, na hata mahakama inaweza kuitambua, kwa kuwa kukosa usajili peke yake hakuibatilishi. Lakini miaka 20 baadaye ustadhi amefariki, shahidi mmoja yuko Oman, mwingine amezeeka na kusahau, na mjane anatakiwa athibitishe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kwamba yeye ndiye mke. Kwa hiyo mkichagua msikitini, mshenga aulize maswali mawili mapema, kwa adabu: shehe wetu ana leseni ya kufungisha? Na cheti kitatoka siku ileile au lini? Shehe mwenye leseni hakasiriki akiulizwa.

Kanisani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu makanisa makubwa yamezoea makaratasi. Waanglikana wa Muheza, Walutheri wa Usambara na Wakatoliki wote wana rejista, wana mafundisho ya ndoa, na matangazo yanasomwa Jumapili kadhaa mbele ya waumini wote, kwa hiyo pingamizi likiwepo linajulikana mapema. Cheti ni nadra kukosekana. Gharama yake ni muda: mafundisho, barua kutoka usharika au parokia ya nyumbani, hati ya ubatizo, na kwa Mkatoliki anayeoana na asiye Mkatoliki, ruhusa inayotoka juu ya paroko. Anzeni miezi kabla, msianze baada ya kulipia ukumbi.

Kwa makanisa madogo yaliyoanzishwa juzi nasema kama nilivyosema kwa ustadhi wa sebuleni. Ulizeni leseni. Mahubiri mazuri hayafanyi cheti kuwa halali.

Kimila

Wazee wa Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kidigo wanaofungisha ndoa kimila wanafanya jambo ambalo sheria inalitambua, na nasikitika nikisikia vijana wakiliita "kuchukuana." Mahari ikipokelewa, wazee wa pande mbili wakakaa, binti akakabidhiwa kwa taratibu zinazokubalika za kabila, hapo pana ndoa. Ubora wake ni kwamba familia zote mbili zimeibeba, na mgogoro ukija wapo wazee wa kuukalia.

Udhaifu wake ni mmoja, na unatibika. Ndoa ya kimila ikifungwa bila msajili kuwepo, sheria inawataka wanandoa wenyewe waombe isajiliwe ndani ya siku 30. Wenyewe, si wazee wala mtendaji. Na hapo ndipo karibu wote wanapoishia. Siku 30 za kwanza za ndoa watu wanatembelewa, wanarudisha vyombo vya kuazima, wanahamia. Nani atakumbuka kushuka bomani? Kama ndiyo njia yenu, basi pangeni siku hiyo ya kwenda kusajili pamoja na siku ya sherehe, mkiwa na mashahidi wawili walioshuhudia mahari ikipokelewa. Bora waende wale vijana kuliko babu ambaye safari ya kutoka Mlalo mpaka Lushoto inamchosha.

Ile karatasi ya mahari nayo itunzwe. Familia nyingi huandika orodha: fedha, mbuzi, blanketi la bibi, kanga za shangazi, na wazee wanatia saini au dole gumba. Watu wanaiona ni kumbukumbu ya deni tu. Mahakamani inaweza kuwa ushahidi wa ndoa yenyewe.

Kuishi tu pamoja

Wengi wanaiweka hii kama chaguo la tano, wakisema "tumeshakaa miaka miwili, sheria inatutambua." Msemo huu umeenea Tanga nzima na umewaumiza wanawake wengi, kwa hiyo nitaukalia.

Kilichopo ni kifungu cha 160. Kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wanaowazunguka wawaone kuwa mume na mke, basi mahakama itachukulia kwamba wameoana. Ni dhana, na dhana inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mwanamume akileta cheti cha ndoa ya kanisani aliyofunga Korogwe miaka saba iliyopita, dhana hiyo haisimami, kwa kuwa mwenye ndoa ya mke mmoja hana uwezo wa kuoa mwingine. Akithibitisha kwamba ninyi mlikuwa mpangaji na mwenye nyumba, haisimami. Mahakama bado inaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na watoto hata dhana ikivunjika, na hilo ni jambo jema, lakini kumbuka kwamba yote haya yanatokea ndani ya kesi. Miaka miwili ikitimia hakuna anayekuletea cheti mlangoni. Kifungu hiki kiliwekwa kumwokoa aliyekwisha kuzama. Kukichagua kwa makusudi kama njia ya kuolewa ni kujiweka mahali ambapo kila haki yako itahitaji kesi kwanza.

Wenye hali hiyo sasa hivi, na wamependana, dawa yao ni nyepesi: nendeni bomani au kwa shehe au kwa paroko, mfunge. Watoto waliopo hawazuii. Wala haina haja ya ukumbi.

Wake wangapi

Hili ndilo linalozigawa njia hizi kuliko jingine lolote. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila, isipothibitishwa vinginevyo, huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja, isipothibitishwa vinginevyo. Kwa hiyo binti anayeolewa msikitini akiwa na ahadi ya mchumba wake kwamba "mimi wewe tu," ana ahadi nzuri, lakini sheria inamsoma mumewe kama mtu anayeweza kuongeza. Kama mmekubaliana kwa dhati, isemeni kwenye taarifa ya kusudio.

Mlango wa kubadili pia upo. Ndoa ya mke mmoja inaweza kugeuzwa kuwa inayoruhusu wake wengi, na ile inayoruhusu wengi, kama mke bado ni mmoja, inaweza kugeuzwa kuwa ya mke mmoja. Sharti ni wote wawili watamke mbele ya jaji au hakimu kwamba wameridhia kwa hiari yao. Wote wawili, mume peke yake hawezi. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kamwe maadamu wote wangali Wakristo. Kwa hiyo yule mume wa kanisani anayemwambia mkewe kwamba "nitaoa wa pili bomani" anasema jambo lisilowezekana. Ndoa hiyo ya pili itakuwa batili, na mwanamke wa pili ndiye atakayebaki mikono mitupu.

Kwa mke aliye katika ndoa ya wake wengi kuna haki isiyotajwa mara nyingi barazani. Mume anapotoa taarifa ya kutaka kuongeza mke, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto wataingia kwenye dhiki, au kwamba huyo anayeletwa ana tabia mbaya inayojulikana, au ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta fitina kubwa nyumbani. Pingamizi linasikilizwa na baraza la ndoa. Ndiyo maana zile siku 21 si urasimu wa bure. Ndoa inayofungwa kwa siri usiku mmoja inamnyima mke mkubwa nafasi hiyo.

Siku mambo yakiharibika

Hapa njia zote hukutana, na wengi hushangaa. Kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yenu. BAKWATA, lile Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na makanisa wana mabaraza yao. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ndipo mnakwenda mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza. Aliyefunga msikitini akipewa talaka nyumbani kwa mdomo au kwa karatasi, kidini ni jambo zito lenye hukumu zake, lakini kisheria ndoa haijavunjika mpaka mahakama itamke. Baraza likiwa limethibitisha kwamba suluhu imeshindikana na talaka ikatolewa kwa taratibu za Kiislamu, mahakama itaichukulia ndoa kuwa imevunjika. Kwa hiyo mtalaka wa msikitini anahitaji karatasi mbili, na ile ya mahakama ndiyo atakayoulizwa akitaka kuolewa tena bomani.

Mgawanyo wa mali haujali mlifungia wapi. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa. Kupika, kufua, kulea, kumwuguza mama mkwe. Mume asiseme "hakuwa na kazi." Na nyumba mnayoishi pamoja, hata kama hati ina jina la mume peke yake, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke. Lakini ili kuweka zuio unatakiwa kuonyesha kwamba wewe ni mke, na tunarudi palepale kwenye cheti.

Urithi ni mada nyingine, na nitagusa kosa moja tu linalosikika sana. Watu hudhani mahali pa kufungia ndoa ndipo panapoamua urithi. Mahakama huangalia marehemu aliishije. Mwislamu aliyeishi Kiislamu atarithiwa Kiislamu hata kama alifunga bomani: mjane mwenye watoto wa marehemu atapata thumuni, yaani moja ya nane, asiye nao robo, na wakiwa wajane wengi wanagawana hiyohiyo. Mkristo asiyeishi kimila atarithiwa kwa sheria ya zamani ya mwaka 1865 iliyotoka India, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja. Anayehesabiwa kuishi kimila atafuata kanuni za mila za mwaka 1963, na hapo mjane yuko mahali pabaya zaidi kuliko wote. Kama hamtaki mambo yaende hivyo, kinachosaidia ni wosia.

Basi mchague ipi

Wawili wa dini moja, wanaoishika dini yao: fungeni kwenye dini yenu. Sioni sababu ya kuikwepa nikahi au ibada kwa ajili ya karatasi, maana karatasi hutoka hukohuko. Hakikisheni leseni ya mfungishaji, na cheti mkipate mkononi kabla hamjaondoka, au mjue tarehe ya kukifuata na nani atakifuata.

Wawili wa dini mbili, na hakuna anayetaka kubadili: bomani, bila kusitasita. Nawaonea huruma vijana wanaobadili dini kwa wiki mbili ili wafunge, kisha kila mmoja anarudi kwake. Dini si kanzu ya kuazima. Bomani inawapokea kila mmoja na imani yake.

Kama familia zenu ni za mila na ndizo mnazozitegemea, fungeni kimila, mkasajili ndani ya siku 30. Mwenye shaka kwamba mwenzake ana ndoa nyingine mahali fulani, achague njia yenye tangazo refu na la wazi, yaani kanisani au bomani, na asikubali siku 21 zikatishwe. Na mtalaka au mjane asiende popote kabla hajapata hukumu ya talaka au cheti cha kifo cha mwenza wa awali.

Kwa siku ya kwenda kutoa taarifa, chukueni vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo za kila mmoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hakikisheni majina yanafanana herufi kwa herufi. "Mwanaidi" kwenye kitambulisho na "Mwanahidi" kwenye cheti cha kuzaliwa itawarudisha nyumbani, na kama ikipita bila kuonekana itawasumbua mkienda kumwandikisha mke kwenye bima ya afya.

Limebaki moja ambalo ni la Tanga hasa. Pemba ni jirani yetu, na kuoana kwetu na ndugu zetu wa huko ni kwa tangu na tangu. Sheria hii ya 1971 haitumiki Zanzibar. Huko ndoa za Waislamu zina sheria na mahakama zake za makadhi. Bwana harusi wa Wete na bi harusi wa Chumbageni waamue mapema nikahi itasomwa upande gani, kwa sababu cheti kitatoka upande huo, na mkija kuachana au kudaiana mali itabidi kwanza ijulikane ni mahakama ipi ya kuwasikiliza. Kwa wanaovuka Horohoro kwenda kuoa Mombasa ni hivyohivyo: Kenya ina sheria yake ya ndoa, na msajili wa huko anaweza kumtaka Mtanzania alete hati kutoka kwao kwamba hana kizuizi cha kuoa. Hati hiyo iombwe RITA wiki kadhaa kabla, basi la maharusi likiwa bado halijakodiwa.